Kisibiti Kwenye Mfuko wa Koti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakunionyesha hata mahali pa kutundika koti. Alichovya vipande viwili vya karatasi nyembamba kwenye chupa mbili, akanipa ninuse. Kabla ya hapo nilikuwa nikiogesha wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Laurel, Marekani, na cheti changu cha kemia kutoka Kenya kilikuwa kimelala sandukuni. Kipande cha kwanza kilinuka nanaa, ile ya dawa ya meno. Cha pili nilikijua kutoka jikoni. Jirani yangu, mama wa Tanga, ndiye aliyenifundisha kutia kidogo kwenye pilau. Nikamwambia Mkuu kwamba kwetu hicho ni kisibiti, zile mbegu zinazofanana na bizari nyembamba.

"Zote mbili ni karvoni, kemikali moja," alisema. "Nenda ukae ulifikirie hilo."

Nililifikiria kwa miaka mingi katika maabara ile ya manukato ya Gaithersburg. Molekuli, yaani kile kipande kidogo kabisa cha kitu, inaweza kuwa na mwenzake mwenye atomi zilezile, zilizoshikana kwa mpango uleule, ila mmoja ni sura ya mwingine kwenye kioo. Fikirieni kandambili ya kushoto na ya kulia. Uzito wa molekuli hizo ni mmoja, na zikichemshwa zinachemka kwenye joto lilelile. Lakini ndani ya pua kuna vipokezi, navyo vina upande wao, kwa hiyo kila kandambili hupata mguu wake. Si jozi zote hutofautiana harufu. Hii ya karvoni hutofautiana hadi unacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachota sampuli kwenye pipa, unachovya karatasi, unanusa, kisha unaandika hapohapo kwenye karatasi kile pua ilichosema. Baadaye ndipo unakwenda kwenye mashine ya kuchambua, na mwisho kwenye polarimeta, kifaa kinachopitisha mwanga ndani ya kimiminika na kuonyesha umegeukia upande gani. Karvoni ya nanaa huugeuza kushoto, ya kisibiti kulia. Marashi yalikatazwa, na vyakula vya viungo vikali siku moja kabla ya kunusa pia vilikatazwa. Sheria hiyo ya mwisho ilinishinda, kwa sababu Jumapili nilikuwa mpishi wa pilau wa kanisa letu la Hyattsville.

Mkuu alipostaafu akaja Meneja wa Ubora, mtu mwerevu, mwenye haraka, aliyeipenda mashine kuliko watu. Jumatatu moja nilichota sampuli ya pipa jipya la karvoni ya nanaa. Nikanusa: kisibiti. Nikaandika neno hilo kwenye karatasi. Mashine ya kuchambua ikasema pipa ni safi, kwa kuwa aina ile ya mashine haikuweza kutofautisha kushoto na kulia. Polarimeta ilikuwa kwa fundi. Nikamwendea Meneja.

Alininusa begani, kweli kabisa, kama mtu anayechagua embe. Akauliza nilipika nini jana. Nikamwambia.

"Grace, harufu iko kwenye sweta lako," alisema. "Mashine haikupika pilau."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Sheria nilikuwa nimeivunja, hilo ni kweli. Nikaitia ile karatasi mfukoni mwa koti la maabara, nikachovya nyingine, nikaandika "nanaa", nikatia sahihi. Sikumwomba hata mwenzangu mmoja anuse.

Kiwanda kilichonunua mzigo ule kwa ajili ya maji ya kusukutulia kiliurudisha, kikisema unanuka mkate, ule wa Kizungu unaotiwa kisibiti. Lawama zikamwangukia Fidèle, Mkongomani wa kanisani kwetu, aliyekuwa na miezi miwili tu kazini. Yeye ndiye aliyemimina pipa kwenye madumu, nasi tulikuwa na pipa la karvoni ya kisibiti pia, kwa hiyo ikasemwa amezichanganya. Aliitwa kikaoni Ijumaa. Asubuhi hiyo alinikuta kwenye maegesho ya magari.

"Maman, banasema ni miye," aliniambia. "Na miye sikufungua ile ingine hata siku moja."

Nilimjibu kwamba najua. Hakuelewa najuaje, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia palepale. Mkewe alikuwa mjamzito. Niliingia kikaoni bila kualikwa, nikaweka ile karatasi mezani. Meneja akaniuliza imeandikwa nini.

"Kisibiti. Niliandika Jumatatu, kabla Fidèle hajagusa pipa. Pua yangu iliniambia, nikaificha karatasi hii mfukoni, nikatia sahihi ya uongo."

Polarimeta iliporudi, tulipima sampuli yangu ya Jumatatu. Mwanga uligeukia kulia. Pipa lilikuja na kosa kutoka kwa muuzaji. Fidèle alibaki kazini. Mimi nilinyang'anywa ruhusa ya kutia sahihi kwa mwaka mzima, nikaosha vyombo vya kioo, na sikulalamika. Meneja, namsifu kwa hilo, aliongeza mstari kwenye fomu zetu: pua imesema nini, ujazwe kabla ya mtu yeyote kuona mashine.

Ninyi mnaoanza kazi hii, pua hukosea, nami sisemi muiamini kuliko vifaa. Nasema tu mwandike ilichosema, na msiifiche karatasi kwa sababu mtu amewanusa bega.

Tangu Jumatatu ile sikutia tena kisibiti kwenye pilau. Watu kanisani walikula, ila nilijua wanajua kuna kilichopungua. Mwaka jana nilistaafu siku ya Ijumaa. Jumapili yake nilipika, na Fidèle aliingia mlangoni na binti yake, msichana mkubwa sasa, kisha Fidèle akasimama akinusa.

"Maman, leo umerudisha ile kitu."

Nilimwambia nimerudisha, nikampakulia sahani ya kwanza. Nilirudi nyumbani sweta langu likinuka kisibiti kuanzia kola hadi mikono, nikalitundika vilevile bila kulifua, na Jumatatu nikalivaa tena.