Mkono wa Kushoto wa Kiti

Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na ilikuwa saa tisa mchana. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakachoniuliza.

Kazi yangu hapa Kapkatet ni kununua viti na meza vilivyochakaa, kuvipiga msasa na kuvipaka vanishi upya. Siku ile nilikuwa na kiti cha mikono nilichouziwa asubuhi na jamaa anayeitwa Kibet. Baba yake alifariki. Mama yake amejengewa nyumba mpya na sofa zimefika. Mikono yote miwili ya kiti ilikuwa imebanduka vanishi pale kiganja kinapotua, ubao umebaki laini kama sabuni iliyotumika. Wa kulia niliupiga msasa mpaka ukawa mweupe. Nikaenda kuchukua karatasi nyingine ya msasa, mvua ya mawe ikaanza, ile inayochana majani chai mashambani.

Nilipogeuka, mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kile. Koti lake kavu. Niamini, nilidhani amekimbilia kujikinga tu.

Aliniuliza kama nakwangua kiti au sufuria ya ugali. Nikacheka, nikamweleza kwamba wateja wanapenda king'ae. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kinatafuta pa kutulia, kinateleza, kinarudi, kama ng'ombe aliyekuta boma limehamishwa.

“Huu umeshauosha,” akasema. “Wa kushoto uache, kijana. Mama Kibet haoni vizuri siku hizi. Jioni anakaa kando, anashika hapo. Hapo ndipo ananipata.”

Mawe yakakoma. Kiti kilikuwa kitupu. Na vumbi la msasa lilikuwa limetanda juu ya kikalio, sawasawa, bila alama. Ni nani huketi juu ya vumbi asilivuruge?

Nilikifunga kiti kwa bodaboda, nikakirudisha kwa kina Kibet jioni ile ile. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa sofa mpya kama mgeni.

“Fundi, mimi nilishauza,” Kibet akasema. “Hiyo imerudi kufanya nini?”

 Nilikiweka kando ya mama yake. Akanyoosha mkono, akapapasa wa kushoto, vidole vikatulia, akashusha pumzi. Kisha akaufikia wa kulia. Vidole vikateleza, vikarudi.

“Alikuwa na mikono miwili,” akasema taratibu.

 Sikumwambia nilichokiona, naye hakuniuliza kwa nini nimekirudisha. Kila nikipita kwao naingia kusalimia. Siku hizi Kibet ndiye anayekaa kwenye kiti hicho jioni, kiganja chake upande wa kulia. Nauangalia ule mkono. Bado ni mweupe. Mwenzake wa kushoto ulihitaji miaka arobaini kulainika.

Kwa hiyo wewe unayepeleka kiti cha nyumbani kwa fundi, na wewe fundi mwenzangu, sikieni: vanishi inarudishwa kwa siku moja. Kabla msasa haujashikwa, ulizeni ni nani aliyeibandua, na ni nani bado anamtafuta hapo.