Gitaa la Suhail na tausi wa mchagoni

Saa mbili asubuhi, Jadida, mjini Wete. Suhail Kificho amekaa kwenye cherehani ya mkewe, anakanyaga polepole, na badala ya uzi kinachojizungusha ni waya wa shaba mwembamba kama unywele. Waya huo ukishajikusanya atauweka chini ya nyuzi za gitaa, upeleke sauti kwenye spika. Mkewe, Asya, amesimama nyuma yake na kanzu za watu mkononi.

"Anamaliza sasa hivi," Asya anamwambia mwandishi. "Tangu alfajiri anamaliza sasa hivi."

Suhail ni seremala wa milango na vitanda. Magitaa ya umeme aliyaanza pale Mundhir, mpigaji wa kikundi cha taarab cha mtaani, alipomletea moja lililovunjika shingo. Alilitengeneza, akalipima kwa kamba, akasema na yeye analiweza. Umbo huchagua mteja. Mmoja alitaka pweza, akashauriwa apunguze mikono.

Shida ni mbao. Pemba hukosi mti, unakosa mti mkavu. Gitaa lake la kwanza, la mfenesi mbichi, lilipinda shingo mpaka Mundhir akasema linamchungulia.

Ubao mkavu aliokuwa akiujua ni mmoja: wa mchagoni, upande wa kichwani mwa kitanda cha mama mkwe wake, Bi Mwatum wa Wingwi, uliochongwa tausi. Mchwa walipokula mguu wa kitanda hicho, Suhail akaitwa. Alitengeneza mguu, akang'oa na ule ubao, akapachika mpya, akaondoka kimya.

Kwa nini hakuomba?

"Ntu atamwambiaje nkwewe habari za kitanda chake?" anauliza, macho chini. "Hata neno lenyewe halinitoki."

Bi Mwatum alidhani ubao nao umeliwa. Angedhani hivyo mpaka leo, lau Suhail angempiga randa yule tausi. Hakuweza; alimwacha vile vile kifuani mwa gitaa jipya la Mundhir. "Aliyemchonga alikuwa fundi," anasema. "Ningekuwa naua."

Basi mwezi uliopita, kwenye harusi hapo hapo Jadida, Mundhir ndiyo kwanza anaanza kupiga, Bi Mwatum akanyanyuka kati ya wageni na mkoba wake, akaenda mpaka jukwaani, akaweka kidole juu ya tausi aliyevunjika mdomo.

"Hichi," akasema, "kitanda changu."

Muziki ukasimama. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Mundhir anasema alijua gitaa limekwenda na maji, lakini mama yule alitaka kwanza kusikia kitanda chake kinasemaje. Alisikiliza nyimbo mbili nzima, amesimama. Kisha akahukumu: gitaa libaki, ila kila linapopigwa aalikwe, na akae mbele.

Sasa Mundhir ameagiza gitaa la besi, na ubao mkavu uliobaki ni wa miguuni mwa kitanda kile kile. Safari hii Suhail ameapa ataomba. Anaifanyia mazoezi sentensi yake huku akipiga msasa. Asya anasema bado hajafika kwenye neno "kitanda".

"Ijumaa inshaallah nakwenda Wingwi," anasema Suhail. "Nikiupata, besi hilo litasikika mpaka Wambaa."

Kwa simu, Bi Mwatum anasema hakatai. "Aje aseme kwa mdomo wake, miye simli," anasema. "Lakini mpaka hapo nishageuza mto. Siku hizi nalalia upande wa miguuni."