Mama Anayefanyia Watoto wa Wenzake Kazi ya Shule

Saa moja kasoro asubuhi, baridi ya Eldoret bado inauma vidole, na Wacera Muchiri, akiwa kibandani kwake sokoni, anamalizia mdomo wa kikapu cha makonge kinachongojwa shuleni. Mwenye kikapu ni mwanafunzi wa Gredi ya Tano. Hayupo. Aliyepo ni baba yake, Johnstone, dereva wa lori la mahindi kutoka Moi's Bridge.

"Mama Janice, harakisha. Mtoto yuko getini."

"Si ungemleta juzi ajifunze?"

"Nimeambiwa jana usiku! Hii shule ya siku hizi ni ya wazazi."

Wacera, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, anacheka bila kuinua kichwa. "Form Four nilifanya mara moja. Gredi ya Tano nairudia kila muhula, na cheti sijaona."

Alianza kusuka vikapu vya kuuza sokoni hapa akiwa msichana. Mtaala mpya ulipodai watoto wafanye kazi za mikono nyumbani, wazazi wasio na nafasi walimkimbilia. Leo, katika kila shilingi elfu moja anayopata, mia sita hutokana na kazi za shule.

Pesa hizo ndizo zinazomsomesha Janice, bintiye wa pekee, ambaye pia yuko Gredi ya Tano. Muhula uliopita Wacera alikataa kumsukia. "Yako utasuka mwenyewe," alimwambia. Msichana akasuka mpaka vidole vikatoka malengelenge, akapeleka kikapu kilichopinda kama kimekaliwa.

Darasani, vikapu vilivyosifiwa vilikuwa vya Wacera. Cha Janice kiliandikiwa "chini ya matarajio".

"Jioni aliniuliza, 'Mama, mbona ulinishinda?' Mpaka leo hagusi makonge."

Alimwendea mwalimu wa darasa, Betty. Mwalimu hakuzungusha maneno. "Mama Janice, mkono wako naujua. Lakini nina watoto sabini. Nikirudisha vikapu, wazazi watanijia juu."

Wacera hamlaumu. "Naye amechoka. Mtoto anapata alama, mzazi anapata usingizi, mimi napata unga. Kujifunza ndiko kumekosa mwenyewe."

Kuanzia muhula ujao, anasema, hatauza tena kikapu cha shule kilichokamilika. Atauza makonge, na mtoto ataketi naye Jumamosi asuke mwenyewe. Anajua wateja watapungua. Benchi ameshanunua. Janice amekubali kuja kukaa tu, mikono mfukoni.

"Sitamlazimisha. Nataka aone wengine nao wakikosea."

Johnstone analipa, anakigeuzageuza kikapu. "Jumamosi mimi huwa safarini."

"Nimekuita wewe? Mtume mtoto."

"Na chake kikipinda?"

"Akipeleke hivyo hivyo," anasema Wacera, akikung'uta nyuzi mapajani. "Vikipinda vyote, angalau mwalimu atajua aanzie wapi."