Barua Isiyo na Tarehe

Siku Anselmo Iriarte alipokula kiapo cha uwaziri wa uchukuzi wa mkoa, Gavana alimsogezea karatasi hata kabla picha hazijapigwa.

"Andika unajiuzulu, tia sahihi. Tarehe niachie mimi."

Ndiyo ilikuwa desturi ya chama chao. Mawaziri wote walifanya hivyo kuonyesha uaminifu. Anselmo alisaini huku akicheka. Mtu aliyeanza siasa na ndoo ya gundi, akibandika mabango ukutani, akapanda hadi udiwani na ubunge wa mkoa, angekataaje? Kichwa kilikuwa kimemvimba, tuseme ukweli.

Kwao, katika mji mdogo wa Colonia Ercilia, baba yake, don Fermín, mkuu wa stesheni mstaafu, alichoma kondoo mzima na kuwatambia majirani, "Sasa treni yetu ina mwenyewe!"

Miaka miwili baadaye ikaja amri ya kufunga reli ndogo. Colonia Ercilia ilikuwa ya tatu kwenye orodha, na amri haikuwa na nguvu bila sahihi ya Anselmo. Jumatatu akaingia kwa Gavana.

"Mheshimiwa, hii siiwezi. Ni kwetu. Bora nijiuzulu."

"Utajiuzulu mara ngapi, Anselmito?" Gavana alisema kama anayebembeleza mtoto, akafungua droo, akaitoa ile barua. "Ukisusa, naandika hapa tarehe ya wiki ile zabuni ya mabehewa ilipochafuka kwa wizi. Kesho yake magazeti yatakuita mwizi. Ukisaini, naichana mbele ya macho yako."

Zabuni ile Anselmo hakuijua kichwa wala miguu. Lakini nani angemwamini? Usiku ule alimpigia baba yake amweleze, akashindwa kuanza.

"Watu huku wanabwabwaja eti treni inafungwa," alisema mzee. "Nimewaambia wafyate ulimi. Waziri si mwanangu?"

"Ndiyo, Baba," alijibu Anselmo. Akakata simu.

Ijumaa akaisaini amri. Gavana aliupuliza wino ukakauka, kisha akaichukua ile barua na, badala ya kuichana, akaijaza tarehe ya siku hiyo hiyo. Jioni alitangaza redioni, kwa sauti ya msiba, kwamba waziri aliyefunga reli za wananchi ameondoka. Mnafiki mkubwa yule! Anselmo akawa ametolewa kafara, kavukavu, kwa mkono wake mwenyewe.

Gari la serikali lilichukuliwa siku ile ile. Akarudi kwao kwa treni, nayo ilikuwa ya mwisho. Mji mzima ulikuwa umejaa stesheni kuiaga. Aliposhuka na sanduku lake hakuna aliyemzomea, na hilo lilimuumiza zaidi. Don Fermín alisimama chini ya kengele, amevaa kofia yake ya zamani ya kazi.

Dereva alichungulia dirishani. "Waziri, unabaki au unapanda? Hakuna nyingine ya kurudi."

Anselmo alitamani kupanda. Lakini kule alikotoka alikuwa ameshafukuzwa, na huku baba yake alikuwa akimtazama.

"Baba, walinibana. Nilikuwa sina njia."

"Uliniambia 'ndiyo, Baba'," alisema mzee. Akamshika mkono, akamkabidhi kamba ya kengele. "Haya, ipe ruhusa iondoke. Sahihi ni yako."

Anselmo akapiga mara tatu, kama alivyofundishwa utotoni, na treni ikaondoka.