Paa la Nguo la Mwalimu Bernadetta

Mayala alikuwa mtu wa maturubai. Ukitaka kumjua anza hapo, usihangaike na kwingine. Alizaliwa Kwimba, nchi kavu, kwenye watu wanaojua ng'ombe wao mmoja mmoja kwa rangi na kwa tabia, lakini yeye ng'ombe walimshinda tangu utotoni. Akaja Mwanza akiwa kijana hajaota ndevu, akapata kazi ya kushona maturubai ya malori ya pamba. Kwa miaka arobaini, hakuna robota la pamba lililolowa chini ya turubai lililopita mikononi mwake. Hayo aliyasema mwenyewe, na aliyasema hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Mwaka wa themanini na tatu mambo yakamgeuka. Turubai hakuna, uzi hakuna, na malori yenyewe yamepandishwa juu ya mawe yanangoja matairi. Mafundi wakaambiwa wapumzike nyumbani mpaka vitambaa vije. Nani asiyejua maana ya maneno kama hayo? Mayala akabeba cherehani yake hadi kwenye chumba alichopanga Mkolani, akaiweka barazani, akawa anatia viraka mikoba na viti vya baiskeli. Ndipo ikaingia kampeni ya Nguvu Kazi. Kila mkazi wa mji aonyeshe kazi inayotambulika, na asiye nayo apandishwe lori akalime kijijini.

Kijijini gani, jamani? Kwao kulihamishwa siku zile za kukusanya watu vijijini. Boma la baba yake limebaki ua wa minyaa mitupu, ndugu zake wametawanywa, huyu huku, yule kule, na wazazi walikwisha kufa. Mtu wa miaka hamsini na saba ashuke kwenye lori na cherehani kichwani, apokelewe na nani? Hilo lilimtia hofu kuliko njaa. Mkewe, Ng'washi, hakubishana na serikali wala na mume. Alizifunga sufuria zao kwa kamba, zikakaa mlangoni tayari kwa safari. Kila asubuhi Mayala alizifungua, na kila jioni alizikuta zimefungwa tena.

Akaambiwa kuna njia moja. Apate barua ya mtu anayeaminika, mtu aliyeiona kazi yake, aipeleke mbele ya kamati Jumatatu. Mtu huyo akapatikana, naye alikuwa mmoja wa wanakamati wenyewe: Mwalimu Bernadetta Rwegasira, Mhaya wa Bukoba, aliyefundisha walimu pale chuoni Butimba mpaka akastaafu, na sasa anaishi Pasiansi, hatua chache kutoka majini. Mumewe, mzee Cleophace, alifariki miaka miwili nyuma akamwachia kigari kidogo cha Kiingereza chenye paa la nguo, lile la kukunjwa nyuma kama mwavuli. Paa lilikuwa limechoka. Mvua ikinyesha, maji yalipenya mpaka kwenye viti, na kitambaa kipya cha kulibadilisha hakikuwepo Mwanza nzima, wala Dar es Salaam.

"Mzee Mayala," Mwalimu alimwambia, "mimi siandiki uongo kwenye karatasi. Lifanye paa hili lisipitishe maji. Nikiona, nitaandika nilichokiona, nisipunguze wala nisiongeze."

"Utaona, Mwalimu," Mayala akasema. "Turubai na mimi tunajuana."

Na kweli alijua. Kitambaa kizima bado kilikuwa na nguvu, shida yake ni kwamba kilikuwa kimekauka na kupoteza mafuta yake. Kilihitaji kuvishwa kinga upya. Kwa maturubai mazito ya malori walikuwa wakipaka kwa brashi, lakini kitambaa cha gari ni laini, ukipaka kwa brashi unakiziba na kukigandisha, na siku ya kukikunja kinapasuka. Kinataka kupuliziwa ukungu mwepesi, tabaka juu ya tabaka. Akaenda stesheni kupokea treni ya Tabora, akapata nta ya nyuki kwa abiria mmoja, akaibadilisha na mkoba aliokuwa ameushona. Akasimama foleni siku mbili kwa ajili ya mafuta ya taa. Akaazima bomba la kunyunyizia dawa ya pamba, akaliosha kwa maji ya moto na majivu mara nne, maana sumu ya pamba si ya kuchezea na gari ni la mtu mzima mwenye kifua kibovu. Siku ya Jumamosi alilisugua paa kwa kipande cha sabuni, akashona upya mishono iliyolegea, akaliacha likauke.

Kazi yenyewe aliipanga Jumapili. Siku zile Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, kwa hiyo kigari kingekaa uani kimetulia mpaka kesho yake, na nta ingepata muda wa kushika. Mwalimu alikwenda parokiani kwa miguu. Mayala akavua shati, akayeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, akasogea mbali na jiko, akachanganya mafuta ya taa, akajaza bomba. Alikuwa na furaha, niseme ukweli. Miezi mingapi hajashika kazi inayomtosha?

Sasa hapo uani alikuwepo jirani, mama mmoja Mkerewe, jina lake Justa, aliyekuja kuanua nguo zake kwenye kamba za Mwalimu. Akaanua nguo zote, hata zilizokuwa bado mbichi. Akafunika na mtungi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, kazi hiyo ingengoja. Leo wale vijidudu wa ziwani watatoka. Angalia kule."

Mayala akaangalia ziwani. Mbali kabisa, juu ya maji, palikuwa na kitu kama moshi kimesimama wima.

"Wale ni watu wanachoma nyasi kisiwani," akasema.

"Si nyasi, baba. Ni wao."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Mayala, ingawa nampenda. Mwanamke mzaliwa wa kisiwani, amekula na kulala juu ya ziwa hilo, anakuambia jambo la ziwa, wewe mtu wa Kwimba uliyeishi mjini katikati na Mkolani, unamjibu nini? Unamshukuru, unafunika bomba lako. Lakini yeye alimwambia, "Mwanangu, mimi nimeshika turubai kabla hujazaliwa." Justa akajitwika nguo zake, akaenda zake.

Akapuliza. Alianzia mbele akaenda nyuma, mkono haukimbii wala haukawii, tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Paa likawa jeusi, linang'aa, zuri mpaka akarudi nyuma hatua kadhaa alitazame. Upepo ukabadilika. Ule moshi, ambao sasa ulikuwa ukuta mzima, ukaja.

Hawaumi, wale wadudu. Hawana neno na mtu. Ni wadogo, laini, na ni wengi kupita akili. Waliingia uani wakajaa hewani, wakamjaa Mayala masikioni na puani, wakatua mitini, ukutani, na zaidi ya kote wakatua kwenye ile nta mbichi iliyong'aa. Waliotua hawakuruka tena. Wengine wakatua juu ya wenzao. Kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, paa la Mwalimu lilikuwa limeota manyoya.

Mayala akashikwa na kiwewe. Akachukua shati lake akaanza kufuta. Alifuta upande wa abiria, eneo la ukubwa wa sinia, na kila alipofuta wadudu walipondeka wakawa uji wa kijani, na nta ikatoka pamoja nao. Aliendelea kufuta. Justa alirudi mbio, ameziba pua kwa kanga, akamshika mkono.

"Baba, acha. Waache wafe wenyewe. Kesho wakikauka wanafagiliwa."

Akaacha. Akakaa chini pale pale vumbini, kifua wazi, shati limeharibika mkononi. Justa hakumsimanga. Alimletea maji ya kunawa akakaa naye.

Mwalimu Bernadetta alirudi jioni jua likiwa bado lipo. Akasimama mbele ya kigari cha marehemu mumewe, akalitazama paa muda mrefu.

"Ni nini hiki, mzee Mayala?"

Angeweza kusingizia upepo. Angeweza kusema ni kazi ya Mungu, na nani angembishia? "Ni ujinga wangu, Mwalimu," akasema. "Mama huyu alinionya, nikamdharau."

Mwalimu akageukia mlango wa nyumba. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Nenda nyumbani ukapumzike. Kesho saa nne kamati inakaa." Akaingia ndani.

Alipofika Mkolani alimweleza Ng'washi kila kitu, hakuficha hata shati. Asubuhi, kulipoanza kupambazuka, alizikuta sufuria mlangoni zimefungwa, na kwa mara ya kwanza hakuzifungua.

Mvua ilikuwa imeshaanza. Haikuwa ya kuchezacheza, ilikuwa mvua ya vuli yenyewe, nzito, inayopiga bati mpaka watu wanazungumza kwa ishara. Mayala alishindwa kukaa. Kila tone lililopiga bati alilisikia likipiga lile paa. Akajifunika gunia, akadandia lori la mchanga lililokuwa linaelekea mjini, na kutoka mjini akatembea. Hakuwa na hoja ya kumpelekea Mwalimu. Alitaka tu kujua, kama mtu anavyotaka kujua habari za mgonjwa hata kama ameshaambiwa hatapona.

Alifika Pasiansi saa moja na nusu. Kigari kilikuwa pale pale uani, mvua inakitwanga, na ndani yake, kwenye kiti cha dereva, alikaa Mwalimu Bernadetta na sweta lake, mikono juu ya usukani.

Akafungua mlango wa pili. "Ingia, unalowa."

"Nina matope, Mwalimu."

"Ingia."

Akaingia, akafunga mlango. Sauti ya mvua juu ya kitambaa si kama ya bati, ni ya chini, ya karibu, na walikaa wakiisikiliza. Mayala aliinua macho. Alipitisha kiganja kwenye kitambaa, mshono kwa mshono. Kikavu. Akafika nyuma, kikavu. Hapo tone moja likamdondokea gotini. Likafuata la pili.

"Panavuja hapa," akasema.

"Naona. Ndipo ulipofuta?"

"Ndipo."

"Kwingine kote umeona?"

"Kwingine kukavu, Mwalimu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilitoka alfajiri nije nikague, nirudi ndani nikaandike. Nikajikuta nimekaa tu. Tangu mume wangu, Baba Kemilembe, afariki sijawahi kukaa humu mvua ikinyesha, kulikuwa kunalowa." Akapangusa uso kwa mkono wa sweta. "Angeliona hilo paa lako la manyoya angecheka mpaka ajishike mbavu. Nimemkumbuka sana, mzee Mayala. Nimemkumbuka mpaka nimechoka."

Mayala akamwambia pole. Akabaki pale, tone linamdondokea gotini, wala hakusogeza mguu.

Saa nne walikuwa mbele ya kamati. Chumba kilijaa watu wenye karatasi mikononi, wauza karanga, wasuka mikeka, vijana waliovaa mashati ya kuazima. Mwenyekiti alikuwa mtu mkavu, na siku hiyo alikuwa ameshakataa wengi. Ilipofika zamu ya Mayala, Mwalimu Bernadetta alitoa barua yake, na kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amesahau miwani, akamwomba aisome mwenyewe.

Mwalimu akasimama, akasoma kwa sauti yake ya darasani. "Mimi niliyeandika hapa nimeiona kazi ya mzee Mayala wa Mkolani. Paa la gari langu limenyeshewa kwa saa tano mfululizo. Limevuja mahali pamoja, upana wa sinia, alipopaharibu mwenyewe kwa hofu. Pengine pote ni pakavu, na wadudu wa ziwani wapo juu yake kwa maelfu, kwa sababu alipuliza dawa siku ambayo mtu wa hapa asingepuliza. Turubai analijua. Ziwa bado hajalijua. Naomba aachwe mjini, apewe muda alijue."

Watu wakacheka. Hata waliokataliwa walicheka. Mayala alisimama katikati ya kicheko kile ameinamisha kichwa, masikio yanawaka moto.

Mwenyekiti naye alitabasamu kidogo, akashika kalamu. "Sawa, Mwalimu. Muda. Niandike muda gani? Miezi mitatu? Sita?"

"Hapana, ndugu mwenyekiti," akasema Mwalimu Bernadetta. "Mimi nimezaliwa ng'ambo ya ziwa hilo hilo, mume wangu nimemzika upande huu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimebakiza miezi mingapi. Mwandikie muda wote uliomsalia."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti alimtazama yule mama, kisha akamtazama Mayala, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka mbele za watu na hakuyafuta. Akaandika. Akavuta kidau cha wino, akagonga muhuri, akamwita anayefuata.