Ulimi Namba Tatu wa Adela

Asubuhi ile Adela aliwasha jiko, akakoroga uji wa ulezi, halafu akamimina maji ya vuguvugu kikombeni na kutumbukiza ndimi zake. Wapigaji ndivyo wanavyoviita vile vibao vyembamba vya tete vinavyofungwa kwenye mdomo wa saksafoni. Ukipuliza vinatetema, sauti inatoka. Vipo laini, vipo vigumu, na vina namba. Mumewe, Urbano, alikuwa amekaa karibu na jiko anapukuchua mahindi na kulalamika kwamba uji hauna sukari. Ilikuwa asubuhi kama nyingine yoyote pale Malangali, Ufipa. Hawakupata nyingine kama hiyo.

Siku hiyo anazikwa Stefania, mama mkubwa wa bendi ya kigango, ndiye aliyemwingiza Adela humo. Bendi ile ina desturi yake. Jeneza likishashuka, saksafoni inapanda peke yake hadi sauti ya juu kabisa, kule vidole vinakoishia na kubaki koo na midomo tu. Ikisikika, ndipo udongo wa kwanza unatupwa. Isiposikika, watu wanangoja na udongo mkononi. Stefania akiwa kitandani alimwita Adela, akamwomba amsindikize kwa sauti hiyo. Adela akaitikia.

Sasa achague ulimi upi? Namba mbili ni laini, pumzi kidogo inautosha, ila ukifika kule juu unajifunga na kulia kama birika. Namba tatu unashika, lakini unataka kifua. Na kifua cha Adela kilikuwa kimekwisha. Tangu masika, kwenda shambani Pito alikuwa anapumzika njia nzima. Hospitali walisema ni moyo. Ulimi wa katikati, namba mbili na nusu, ulipasuka kwenye arusi huko Mollo. Halfani mwenye duka aliuagiza mwingine, akasema mzigo uko njiani. Ukawa njiani tu.

Tena Adela alizaliwa Kirando, ziwani, na huko namba tatu alikuwa anaipuliza huku anacheka. Huku juu Ufipa hewa ni nyepesi, ulimi uleule unageuka ubao. Wengi waliopanda kutoka ziwani wameumbuka hivyo. Adela mwenyewe aliwafundisha wageni wa bendi: ukipanda mlima, shusha namba.

"Mwachie Christopha na tarumbeta lake," Urbano akasema. "Marehemu hatakudai."

"Wivu huo. Tangu unioe hujawahi kupiga hata mluzi."

Urbano akacheka. Adela akautoa ule wa tatu majini, akaukwangua taratibu kwa ukingo wa wembe, akauinua kwenye mwanga.

"Si ulisema mwenyewe huku haufai?"

"Wa mbili utanizomea mbele za watu, Baba Rosina. Huu ukinikataa, utanikataa kimya."

Urbano akasukuma mahindi pembeni, akanyanyuka. Alimbebea saksafoni hadi makaburini.

Jeneza likashuka. Adela akaanza chini, sauti nzito, nzuri, akina mama wakainamisha vichwa. Akapanda. Alipofika pale pa kuvuka kwenda juu kabisa, ikatoka pumzi tupu. Akarudia. Pumzi tena. Watu wameshika udongo, katekista anatazama viatu vyake. Akajaribu mara nyingine; mishipa ya shingo ikamsimama, na Urbano akajikuta amebana pumzi yake mwenyewe, kana kwamba ingemsaidia mkewe. Mwisho Christopha akanyanyua tarumbeta, akapiga alichoweza. Udongo ukaingia.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililommaliza zaidi. Kwenye bajaji alikaa na saksafoni mapajani, na Rosina, binti yao, alipompigia simu kumpa pole, Adela alisema atampigia baadaye. Hakumpigia.

Kesho yake Adela hakuweza kuwasha jiko. Urbano akakoroga uji yeye, ukashika chini. Siku zikawa hivyo. Adela akairudisha saksafoni kigangoni, maana ni mali ya bendi, akapewa msichana mmoja anayeitwa Mary. Mary alikuja kuuliza habari za ndimi. Adela akamweleza yote, akamgawia na alizokuwa nazo, ila pumzi ya kumwonyesha hakuwa nayo.

Adela alikufa mvua za kwanza ziliponyesha. Mary alijaribu kaburini, masikini. Sauti haikupanda. Urbano alisimama na udongo kiganjani mpaka ukawa tope, hadi katekista alipomgusa bega na kumwambia atupe tu. Akatupa.

Sasa bendi wakifanya mazoezi Jumamosi, Urbano anatoka, anakwenda Pito hata kama hakuna kazi. Kuna Jumamosi moja, Adela akiwa bado yupo, matarumbeta yalikuwa yanasikika hadi chumbani na baridi inaingia, Urbano akainuka afunge dirisha. Adela akamwambia: "Usifunge, Baba Rosina. Acha niwasikie wanavyokosea."