Mashuka Kumi na Mawili

Kama hujawahi kuona mtu anapima chumvi ya mboga kwa bomba la sindano, basi hujafika nyumbani kwa Kipimo. Mumewe aliapa mbele ya wakwe kwamba chai ya kwanza ya ndoa yao ilikuwa na sukari iliyohesabiwa punje kwa punje. Alitia chumvi kidogo, maana mwanamume akikaa na wakwe hupenda kuonekana ameonewa, lakini uongo haukuwa mwingi. Mwanamke yule alikuwa muuguzi wa wodi ya njiti, wale watoto wanaokuja duniani kabla ya siku zao, wadogo kiasi kwamba pete ya mama inawapita mkononi mpaka begani. Miaka kumi na tisa aliwalisha maziwa kwa mrija mwembamba, mililita moja, mbili, tatu, na hakukosea hata mara moja. Wakamwita Kipimo. Jina lake la cheti likabaki kwenye cheti.

Wodi ilikuwa na vitanda vya joto kumi na viwili, sita huku, sita kule. Kila kitanda kilikuwa na shuka lake, dogo kama kitambaa cha kufutia jasho, na pembeni mwa kila shuka palikuwa na namba iliyodariziwa kwa uzi mwekundu. Namba hizo alizishona Kipimo mwenyewe. Zamani wafuaji walikuwa wanachanganya, na jambo lililochanganyika lilimwasha mwilini kama upupu. Basi shuka likitoka asubuhi chafu, jioni lilirudi safi kwenye kitanda kilekile, kama mtu na nyumba yake.

Kitanda namba nne alilala binti aliyezaliwa na gramu mia tisa. Mama yake alikuwa amepoteza watatu kabla ya huyo. Alikaa kutwa kwenye benchi nje ya kioo, hasemi, anatazama. Siku moja akamshika Kipimo mkono.

"Sista, huyu nimekuachia wewe. Mikono yangu mimi haina bahati."

Maneno kama hayo wewe ukiambiwa utasema Mungu yupo, utatabasamu, utaondoka zako. Kipimo hakutabasamu. Aliyabeba kama yalivyo.

Ndipo kifaduro kikaingia mtaani. Kwanza shule moja, kisha nyumba tatu, kisha kila ukuta ukawa na mtu anakohoa nyuma yake. Wewe mtu mzima kikikupata utakohoa wiki kadhaa, utalaumu vumbi, utakunywa maji ya moto, na maisha yataendelea. Njiti mara nyingi hata hakohoi. Njiti anasahau kupumua.

Hospitali ikaleta chanjo kwa wafanyakazi. Tangazo lilibandikwa mlangoni: anayetaka achanjwe, asiyetaka halazimishwi, ila asiguse mtoto, aende kufanya kazi chumba cha kufulia. Siku hiyo chumba cha chai kilichemka kuliko birika.

"Asiyechanjwa akanywe chai yake huko huko na sabuni," alisema muuguzi mmoja wa kiume mwenye domo, ambaye akiona sindano yeye mwenyewe hufumba macho. Wakacheka.

Mhudumu wa usafi wa wodi, mwanamke wa mwili na sauti ya kubandua chokaa, akaweka kikombe chake mezani.

"Mimi hapana," alisema.

"Hapana nini, mama?"

"Hapana, sichomwi. Mmeniletea karatasi ya kusaini kabla hamjaniambia mnanichoma nini. Miaka yote nikiuliza dawa ya sakafu ina nini naambiwa wewe piga deki tu. Leo ya kuingia mwilini nayo niambiwe wewe saini tu?"

"Mama, utatuulia watoto!"

"Ndiyo maana naenda kufua. Sijajificha chini ya kitanda. Nimesema hapana, mmesikia wote, naondoka."

Tangu hapo akawa Mama Hapana. Kikombe chake kikahamishiwa rafu ya peke yake, kimefungwa plasta mkononi ili kisichanganywe na vya watu. Hakuna aliyemweleza alichouliza; kumcheka kulikuwa rahisi zaidi. Kipimo alikiona kikombe kile, akakiacha palepale. Kesho yake alikiosha, naye akavaa glovu.

Kuchanja wodi nzima alipewa yeye. Nani mwingine? Desturi ya pale ilikuwa kwamba mchanjaji huwa wa mwisho, na wawili wa mwisho huchomana wenyewe kwa wenyewe, huku daftari liko wazi pembeni. Jioni mabomba matupu yanahesabiwa, majina yanahesabiwa, na hesabu mbili lazima zikubaliane.

Wa mwisho pamoja naye alikuwa Kinanda. Hawa wawili walisoma uuguzi pamoja, wakalala kitanda kimoja cha bweni, wakaazimana hata sare. Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu aliwaimbia njiti. Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, na usibishe, hata mashine za mapigo ya moyo zilikuwa zinamsikiliza: akianza kuimba namba zilitulia.

Kinanda akafunga mlango wa chumba cha dawa na kuuegemea.

"Dada, mimi usinichome."

"Acha utani, mkono huo hapa."

"Unaikumbuka mimba yangu ya pili? Nilichomwa sindano asubuhi, jioni ikatoka. Najua, nimesoma kama wewe, haikuwa sindano. Kichwa kinajua. Mwili haujui. Nikiliona hilo bomba nasikia damu inanishuka miguuni."

"Basi sema hapana, kama mama yule."

"Nikafue? Kikombe changu kifungwe plasta? Muuguzi mzima! Na nani atawaimbia hawa?" Akamsogezea daftari. "Andika tu jina. Ukiandika wewe hakuna atakayeuliza. Wewe ni Kipimo."

Kipimo alisimama na bomba mkononi. Angeweza kumkalisha chini wakazungumza. Angeweza kumpeleka kwa daktari, kwa siri na kwa heshima, likatafutwa jambo. Alifikiria bweni, alifikiria kitanda kimoja na blanketi moja. Kisha akageukia sinki na kusukuma. Ilitoka nusu mililita, ikateleza kwenye chuma, ikaingia shimoni bila sauti. Kosa la kwanza la maisha yake ya kazi lilikuwa na ujazo wa nusu mililita, na alilipima sawasawa.

Akaandika jina la Kinanda kwa mwandiko wake mzuri. Naye Kinanda akamchoma Kipimo. Mabomba yakalingana na majina. Matroni, mkuu wa wodi, mwanamke mkavu mwenye miwani ya kamba, akapiga mhuri, akasema, "Sasa wodi yangu imefungwa kwa kufuli."

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja Kinanda alikuwa anaimba kati ya kitanda cha tatu na cha nne. Wimbo ukakatika katikati. Akakohoa mara moja, kavu, mdomo kwenye kiwiko. Akaendelea kuimba.

Kipimo, upande wa pili, alikuwa anavuta maziwa. Akavuta mililita nne badala ya tatu. Akarudisha moja. 

Wakati wa chai alimfuata stoo.

"Kikohozi cha nini?"

"Vumbi la sabuni."

"Nyumbani kwako kuna anayekohoa?"

Kinanda akapanga pamba ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Mtoto wa jirani huja kucheza. Watoto si wanakohoa?"

"Omba ruhusa, ukapumzike."

"Nimwambie Matroni nini? Dada, ni siku mbili hizi, kitapita."

Hakikupita. Kilipanda. Siku ya nne alikohoa mpaka akashika ukuta. Matroni akatoka ofisini, na Kipimo akashukuru moyoni: sasa atarudishwa nyumbani, bila mimi kufungua mdomo. Matroni akavaa miwani, akafungua daftari, akateremsha kidole kwenye majina. Kikasimama.

"Huyu amechanjwa," alisema. "Kwa mwandiko wa Kipimo mwenyewe. Ni mafua hayo. Vaa barakoa, uendelee na kazi, watu hatuna."

Sasa ona hapo. Angekuwa mwingine ameandika, labda Matroni angesita. Lakini sifa za Kipimo, miaka kumi na tisa ya sifa, ndizo zilizofungua mlango na kukikaribisha kile kikohozi ndani, kikae. Kipimo akajiambia atasema mchana. Mchana akajiambia jioni. 

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, jua limejaa wodini, mashine ya namba nne ikalia. Binti hakukohoa. Hakulia. Alikuwa amelala vizuri kabisa, mikono juu, na rangi yake ilikuwa inabadilika kuanzia midomoni, kama karatasi inayonyonya wino wa buluu. Kipimo alifika kwanza. Akamsugua mgongo kwa vidole viwili, hakuna. Akaweka barakoa ndogo, akabana mfuko wa hewa, moja, mbili, tatu. Nje ya kioo mama alikuwa amesimama, viganja viwili vimebandikwa kwenye kioo. Akabana. Akabana. Kifua kikainuka chenyewe.

Daktari alipomaliza kumpima aliwakusanya wote katikati ya wodi.

"Dalili zote ni za kifaduro. Vipimo tumepeleka, lakini hatusubiri. Kimeingia kupitia nani? Nani hapa hakuchanjwa?"

Hakuna aliyefikiri hata kidogo. Vidole vilielekea mlangoni.

"Mama Hapana!" alisema yule kaka mwenye domo. "Si ndiye anayeshika mashuka? Nilisema mimi! Nilisema atatuulia!"

"Akitoka leo harudi," alisema Matroni. "Mwiteni."

Mama Hapana akaja na mikono yenye povu mpaka viwiko, akasimamia nje ya mlango, hakukanyaga ndani. "Mimi sikohoi," alisema. "Na humu sijaingia tangu siku ile. Mnaniuliza nini?"

Kinanda alikuwa nyuma ya wote. Bega lake lilikuwa linatikisika. Alikuwa anakizuia kikohozi ndani ya barakoa, macho yamejaa maji, anamtazama Kipimo. Ni macho yaleyale ya bweni.

Kipimo akaenda mezani. Akachukua kalamu nyekundu, akafungua daftari, na mbele ya Matroni akapiga mstari juu ya jina.

"Huyu sikumchoma. Dawa nilimwaga kwenye sinki. Nikaandika."

 Ndipo kikohozi cha Kinanda kikatoka chote, kirefu, mpaka mwisho kikavuta pumzi kwa mlio ule ambao kila muuguzi anaujua. Alipomaliza akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti.

"Nimekusikia, dada," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Watoto wote walipewa dawa, na wafanyakazi pia. Daktari akasema sasa kazi ni kusubiri siku kumi. Mlango ukafungwa: hakuna mtoto atakayeingia, hakuna atakayeruhusiwa kwenda nyumbani, mpaka siku hizo ziishe. Barua ya kumshtaki Kipimo ilipelekwa kwenye baraza la wauguzi. Likisubiriwa jibu, alitumwa chumba cha kufulia.

Mama Hapana alimsogezea karai moja. Walifua mpaka maji ya pili.

"Mama, nisamehe," Kipimo alisema.

"La kikombe au la mengine?"

"Yote."

"La kikombe nimesamehe. Mengine si yangu." Akakamua. "Ungekuja ukaniambia hiyo sindano ina nini, Sista, kwa hiyo sauti yako ya kupima, mimi ningechomwa. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Kipimo akainamia karai.

Kila asubuhi mfuko wa mashuka ya njiti uliteremshwa kutoka wodini, na Kipimo akaufungua na kuyahesabu kabla ya kuyalowesha. Ndiyo habari pekee aliyokuwa nayo. Aliyemkabidhi mfuko alikuwa amekatazwa kuongea naye. Siku ya kwanza, kumi na mawili. Siku ya pili, kumi na mawili. Lile la namba nne alilitoa kila siku, akalinusa: maziwa, mafuta, jasho la mtoto. Akalifua peke yake. Siku ya tano. Siku ya sita. Siku ya nane yalikuja kumi na mawili, na Mama Hapana akamchekea, akasema, "Bado mbili, Sista. Tutakula bila kupima chumvi siku hiyo." Kipimo naye karibu acheke.

Siku ya tisa mfuko ulichelewa. Ulipofika, aliyeuleta aliuweka chini kizingitini, akaondoka bila kutazama nyuma. Kipimo akayatandaza mezani moja baada ya jingine, namba juu. Mkono wake ukasimama.

"Vipi?" aliuliza Mama Hapana.

"Kumi na moja."

"Labda kuna aliyekwenda nyumbani."

"Mlango umefungwa, mama. Hakuna anayekwenda nyumbani."

Mama Hapana akafuta mikono kwenye gauni, akaja kusimama ubavuni pake. Mezani palikuwa na moja, mbili, tatu. Kisha palikuwa na tano.

"Hesabu tena," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake.

Kipimo akayakusanya yote, akayanyoosha pembe, akaanza tena kutoka la kwanza, polepole, kama mtu anayepima maziwa.